Karatasi yenye Visanduku Viwili

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Imefika. Si barua yenyewe — picha yake, Victor kaipiga kwa simu na kuileta kwa imeli. Victor ni wakili wa Suhaib huko Amerika, mwaka wa tisa sasa. Siku zote ni mtu wa maneno machache. Leo hakuandika hata salamu.

Tarehe imepangwa. Alhamisi, 11 Desemba. Suhaib, mtoto wa dada yangu, atauawa kwa sindano.

Nimesoma mara nne. Nilipomaliza ya nne nikajikuta nimesimama katikati ya jiko na mwiko mkononi, na sikumbuki nilikuwa nakoroga nini.

Ukurasa wa pili ni fomu. Visanduku viwili, mfungwa atie alama kimoja. Cha kwanza: utaratibu wa zamani, dawa moja, pentobarbital. Cha pili: utaratibu mpya, dawa tatu zinazofuatana, ya kwanza midazolam. Akiviacha vyote vitupu, wanatumia mpya. Sheria yao inasema waliohukumiwa zamani wana haki ya kuchagua, maadamu dawa ya zamani bado ipo ghalani. Haki! Mwisho wa kurudisha ni Ijumaa ya tarehe 14, saa sita mchana kwao, saa kumi na mbili jioni hapa Wembley, Landani.

Nilianza makala papo hapo. Sentensi tatu, kali, nzuri. Nikazifuta.

Naogopa. Naliandika neno hilo hapa kwa sababu hakuna pengine nitakapoliandika.

Jumanne, 4 Novemba

Nilipanga namna ya kumwambia Da Suad, mama yake Suhaib. Usiku wote nilipanga. Kumbe Victor kishamwambia.

Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, sare mwilini, viatu vya mpira vimelowa. Ni mkubwa wangu kwa miaka saba, na miaka ishirini anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Harrow. Siku hizi ndiye msimamizi wa shifti. Hakulia. Aliazima miwani yangu, akakaa na fomu ile kama anavyokaa na karatasi za dawa za wazee wake. Kidole juu ya kila mstari. Jina la mtu. Dawa. Kipimo. Saa.

Akauliza nani atachoma. Nikasema hawataji. Akauliza nani atatia saini ya pili. Sikumfahamu. Akanieleza kwa uchovu kwamba kazini kwao dawa nzito haitoki kwa saini moja: mmoja anatoa, mwengine anashuhudia. Yeye ndiye huyo mwengine.

Kidole kikafika kisanduku cha pili. Kikasimama.

"Hii midazolam naijua mie," alisema. "Hii ndo wanayopewa wazee wetu."

Na akanisimulia. Mzee akiwa katika siku zake za mwisho, nesi anakuja na kimashine kidogo, anajaza bomba la sindano, Da Suad anatazama kipimo na kutia saini. Alinitajia bibi mmoja aliyepiga kelele wiki nzima, anamwita mumewe aliyekufa. Wakamtia ile dawa, akatulia, mkono wake ndani ya mkono wa Da Suad, mpaka asubuhi.

"Wanalala, Ghalia. Wanalala tu."

Nikaona mabega yake yanashuka. Tangu aingie yalikuwa juu, karibu na masikio.

Kisha akanipa karatasi nyengine, ya Suhaib. Hataki kalamu yake iguse fomu ile. Anaogopa ataulizwa mbele ya Mola wake kwa nini alijichagulia kufa. Kamwandikia mama yake: Mama anajua dawa, Mama achague. Victor anasema inakubalika, mradi Suhaib amteue kwa maandishi, naye amemteua.

Nikaenda kupika chai. Sikusema kitu. Mimi! Niliyetolewa nje ya mikutano miwili ya msikiti na mmoja wa chama cha wafanyakazi kwa kushindwa kunyamaza.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku mbili nasoma. Taratibu, hukumu, ushahidi wa madaktari mahakamani, ripoti za maiti zilizopasuliwa. Miaka ishirini naandika juu ya mambo haya, nilidhani nayajua. Lakini nilikuwa nasoma ili nishinde mabishano. Sasa nasoma ili nichague. Macho ni yale yale, ila mistari niliyokuwa nairuka ndiyo ninayoisoma.

Jimbo hili dawa moja. Jimbo jirani tatu. Moja liliwahi kutumia nne. Jengine linamvisha mtu barakoa na kumvutisha gesi ya naitrojeni. Endesha gari nusu saa, vuka kibao cha barabarani, na kifo cha kisheria kimeshabadilika. Vietnamu, Ulaya ilipokataa kuwauzia, wakatengeneza zao wenyewe. Uchina wana magari yaliyogeuzwa vyumba vya sindano, na idadi ya wanaokufa ni siri ya dola. Wote hao wanaiita njia ya kibinadamu. Wote!

Na kuhakikisha kama mtu amelala kabla ya dawa ya pili — pengine wanamwita jina. Pengine wanamfinya. Pengine wanagusa kope. Paka wa jirani yangu alichomwa sindano ya kufa mwaka jana na daktari aliyesomea kazi hiyo. Madaktari wa binadamu vyama vyao vinawakataza, basi huko anachoma atakayekubali, na jina lake linafichwa kwa sheria.

Nakumbuka 2010. Dawa ya usingizi waliyokuwa wakiitumia kwenye magereza ya Amerika kumbe ilikuwa inatoka hapa hapa Landani, Acton, kwa muuzaji aliyekodi chumba ndani ya ofisi ya shule ya udereva. Nilisimama mbele ya Bunge kwenye mvua na bango langu. Serikali ikapiga marufuku kuisafirisha. Tukala sambusa, tukapongezana.

Nilidhani wakikosa dawa watakosa kifo.

Kuhusu midazolam. Nilichokisoma sikiandiki. Kwanza nimuulize mtu anayejua kwa mikono.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimemwona Da Suad kituo cha basi la 182. Yeye hakuniona. Nimeingia duka la vitambaa la Ealing Road na kushika sari moja kwa dakika kumi mpaka basi lilipoondoka. Mwenye duka akadhani nanunua.

Jumamosi, 8 Novemba

Peckham. Treni mbili na basi, kwenda kwa Lambert.

Lambert alikuwa nesi wa usingizi Bukavu, kwenye chumba cha upasuaji, kabla ya vita kumleta huku. Hapa anasukuma vitanda hospitalini. Tulijuana kwenye maandamano ya wakimbizi, tukagombana siku ile ile, na hatujaacha kupendana. Mkewe, Sidonie, ana saluni ya kusuka. Ndipo tulipokaa, nyuma, kati ya ndoo za mafuta na mifuko ya nywele za bandia.

Lambert alinitazama nikiwa nimekaa kimya akamwita mkewe alete maji, dada mpinzani ni mgonjwa, amemaliza dakika tano bila kutukana serikali. Wanawake waliokuwa wanasukwa wakacheka. Nami nikacheka. Kisha nikampa karatasi.

Akaisoma. Akainuka, akafunga mlango.

Alinieleza polepole. Midazolam aliitumia miaka mingi, ni dawa nzuri, inatuliza hofu. Lakini haiui maumivu. Chumba cha upasuaji hawakumwachia mgonjwa hiyo peke yake, kwa sababu maumivu makubwa yakija yanaweza kumrudisha. Wale wazee wa Da Suad wanapewa kidogo kidogo, pamoja na dawa ya maumivu, na baada yake hakuna kinachofuata. Huku kinafuata. Ya pili inalegeza kila msuli, mpaka wa kupumua. Ya tatu inasimamisha moyo, na inapopita kwenye mshipa inaunguza.

Nikamuuliza: kama ya kwanza haikushika, mtu anafanya nini?

"Hafanye kitu," akasema Lambert. "Anaweza kusikia yote, ila hawezi hata kupepesa jicho. Na wale wenye kuangalia kwa dirisha wataona mutu amelala muzuri."

Nikamuuliza ya zamani, pentobarbital. Akasema ikiwa nzima, mtu analala kweli, haraka. Ikiwa imezeeka, hajui. Nikamwambia ya kwao tarehe yake ilishapita. Wanaipima upya na kuiongezea muda. Na zipo maiti zilizopasuliwa zikakutwa na maji mapafuni, kama mtu aliyezama. Akakaa anavuta ndevu. Mbuzi, akasema, hata mbuzi hangempa.

Nikamuuliza angechagua ipi. Aliinuka, akaanza kupanga mifuko ya nywele ambayo ilikuwa imeshapangwa.

"Kazi yangu ilikuwa kuamusha watu, Dada Ghalia."

Sidonie alinifungia maandazi. Nimeyaacha kwenye treni.

Jumapili, 9 Novemba

Saa nne asubuhi nilivaa koti niende kwa Da Suad nimwambie. Nikavua. Saa saba nikavaa tena. Simu ikalia.

Ni yeye. Suhaib amempigia jana jioni, dakika zake kumi na tano za wiki. Na Da Suad amemwambia! Amemwambia kwamba ameiona dawa, anaijua, ndiyo wanayopewa wazee wake wanaokufa vizuri. Kwamba kama mwenyewe angekuwa anakwenda angetaka hiyo hiyo. Kwamba atalala kabla ya chochote, na mama yake ameshawaona wengi wakilala hivyo.

"Kacheka, Ghalia," akaniambia. "Mwaka mzima sijamsikia kucheka."

Anasema mtoto alikuwa hali wala halali. Mtoto! Ana miaka thelathini na tisa. Alizaliwa hapa, hospitali ile ya juu barabarani. Baba yake akamchukua Amerika akiwa na kumi na tano. Akiwa na ishirini na mbili akaingia kituo cha petroli na bastola akamuua mwanamume mmoja aliyekuwa na watoto watatu. Alimuua. Sijawahi kuandika kinyume cha hilo, na watu wanaotetea wafungwa kwa kuwafanya malaika nimewasema hadharani. Nilisema siku zote: hata aliyeua. Hata yeye. Rahisi kusema.

Da Suad alikuwa anapika mkate wa kumimina. Nilisikia mwiko kwenye bakuli. Akaniuliza mbona kimya, nina homa? Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeitoa makala yangu ya 2019. Niliijua kwa moyo lakini nilitaka kuiona.

Duka la dawa dogo, kwenye jimbo lile lile la Suhaib, lilikuwa linawatengenezea magereza pentobarbital kwa siri. Mimi ndiye niliyepata jina lake, kwa risiti moja iliyosahauliwa ndani ya faili la kesi. Nikaandika. Wenzetu wa huko wakaichukua, wakapiga simu, wakasimama mbele ya mlango. Wiki moja tu, mwenye duka akajitoa. Nikapewa zawadi ya glasi yenye jina langu.

Bunge lao likapitisha sheria mbili. Moja kuficha majina ya wauzaji. Moja kuleta dawa tatu.

Chupa zilizobaki ni zile za duka lile. Hazikuongezwa nyengine tangu wakati huo. Ndizo zinazozeeka ghalani.

Kwa hiyo visanduku vyote viwili vina mwandiko wangu. Da Suad hajui. Alikuja kwenye hafla ya ile glasi, akapiga vigelegele.

Jumatano, 12 Novemba

Nimempigia Victor. Maombi ya msamaha yameshawasilishwa, anasema, tusiyategemee. Nikamuuliza ipi. Akajibu wakili hana la kusema hapo. Nikamwambia mimi simuulizi wakili.

Kisha akasema ameshuhudia wateja wake wawili wakiuawa, mmoja kwa kila njia. Wa dawa moja alilalamika kifua kinaungua, akanyamaza. Wa dawa tatu hakusema kitu. Machozi yalikuwa yanamtoka. Daktari wa magereza aliandika kwamba ni jambo la kawaida la mwili.

Akasema amejaza fomu mbili, moja kwa kila kisanduku; apigiwe tu, ataituma hiyo moja itiwe saini.

Alhamisi, 13 Novemba

Mechi leo uwanjani. Saa kumi na moja njia nzima imejaa watu na skafu, wanaimba. Nilipita katikati yao kama mwizi, nikaenda kwa Da Suad.

Alikuwa anapiga pasi sare zake. Tano, za wiki nzima, kama kawaida yake. Nikasema nina jambo. Akasema kaa. Sikukaa, nikijua nikikaa nitazungumza habari za mechi.

Nikamwambia yote. Nilianza na ya Lambert. Dawa si mbaya, nilisema, si wewe uliyekosea, ila huko haiachwi peke yake na haina mwenzake wa maumivu. Nikamwambia ya pili inafanya nini. Ya tatu. Nikasikia sauti yangu inakwenda vizuri, kwa mpangilio, hoja baada ya hoja, kama niko jukwaani, na nikajichukia.

Pasi haikusimama. Kola. Mkono wa kushoto. Mkono wa kulia.

Akauliza: na ile kongwe? Nikamwambia kuhusu tarehe, na mapafu. Akauliza kwa nini wanayo kongwe tu, hawanunui mpya? Ningeweza kusema sijui.

Nikamwambia. Duka, risiti, makala, ile glasi.

Aliitoa pasi kwenye umeme. Akaukunja waya wake, polepole. Nje walikuwa wanapita, wanaimba wimbo mmoja tena na tena.

"Wale wazee wangu," akasema. "Walikuwa wamelala kweli?"

Nikamwambia ndiyo, Da Suad, wale walilala kweli, Wallahi. Sijui kama aliamini. Alikuwa anaangalia mikono yake. Miaka ishirini ya kushika mikono ya watu!

Nilimngoja anitukane. Nilitaka. Ningejua la kufanya na tusi.

"Wewe kila kitu una jibu tangu ulipokuwa na miaka sita," akasema. "Leo sitaki kitabu. Nataka neno moja. Ipi?"

Mimi niliyeandika kwamba hakuna njia safi, kwamba anayechagua kati ya sumu mbili ameshakubali sumu. Niliandika hivyo, nikachapisha, nikashangiliwa.

Nikasema: ya zamani.

Akaitikia kwa kichwa, mara moja. Akaniambia niende nyumbani kabla watu wa mpira hawajatoka. Mlangoni akanifunga kitufe cha koti cha juu, kama alivyokuwa akifanya nikienda skuli.

Ijumaa, 14 Novemba

Saa kumi jioni. Niko jikoni kwake. Ameomba ruhusa kazini, mara ya kwanza tangu mazishi ya Mama. Victor amepata kibali cha simu ya nje ya ratiba: Suhaib atapiga saa kumi na moja na nusu. Fomu iko mezani, kisanduku cha kwanza kimetiwa alama, jina la Suad limeandikwa chini, saini bado. Picha ya saini ikifika kwa Victor kabla ya saa kumi na mbili, basi.

Nilimwambia atie saini sasa, kwa nini asubiri. Akasema hatii mpaka Suhaib ajue.

Nikambishia. Ndiyo, leo pia nilibisha. Nikasema mtoto amelala siku sita, mwache alale wiki nne zilizobaki, atajua nini? Tia saini, mwambie ni ile ile. Huruma, nikasema.

"Jumamosi nilimwambia uongo na mie sijui," akasema Da Suad. "Leo nikinyamaza nitakuwa najua."

Lakini kwa mdomo wake, akasema, neno hilo haliwezi kutoka. Amejaribu tangu alfajiri, kwenye kioo. Mimi ndiye niliyemwambia yeye. Nimwambie na Suhaib, kwa maneno yale yale.

Saa kumi na moja na dakika kumi. Ametandaza msala sebuleni, kishasali, hajainuka. Nimeandika kwenye karatasi nyengine nitakachosema. Mistari sita. Nimekata mitatu. Nimekata yote.

Nafikiri nimwambie kwa Kiswahili. Anafahamu, ila hujibu kwa Kiingereza. Hapana — kwa Kiingereza, asije akakosa neno hata moja. Hapana.

Saa kumi na moja na dakika thelathini na tatu. Haijalia. Labda wamekataa. Mungu anisamehe, nimefurahi.

Inalia.

Da Suad kaipokea, kaiweka mezani, spika imewashwa. Naandika ili mkono uwe na kazi. Sauti ya mashine inasema simu hii inarekodiwa. Sasa ni yeye. Mama yake anamuuliza kama amekula. Amekula, anasema, wali na kuku, kamaliza sahani. Anamuuliza kama amelala. Anasema masaa manane, Mum, straight, bila kukatika.

Da Suad anamwambia mamdogo wako yuko hapa, ana neno. Anaisukuma simu, inateleza mpaka kwenye kitabu hiki. Saa kumi na moja na dakika thelathini na tisa. Kalamu yake mwenyewe ameishika, juu ya mstari wa saini, ananitazama.

Suhaib anasema, Mamdogo? Nasema naam, mwanangu. Ananiambia kabla sijasema, Mama kamweleza kila kitu kuhusu ile dawa ya wazee. Anasema haogopi tena.